Ndovu Wamo, Wapagazi Hawamo

Mwaka 1974 Balbir Singh alitafuta mtu wa kufagia karakana yake ya piano kule Edmonton, kaskazini mwa London, akampata Zafarani Mabruki. Kwa miezi mitatu Balbir alifanya kazi mbele ya mwanamke huyo huku akizitukana mbao, gundi, misumari na hali ya hewa kwa Kiswahili, lugha aliyokulia nayo Nairobi, akiamini kwamba katika jengo lile hakuna anayemwelewa. Siku moja patasi ikamteleza, akatamka tusi zito kuliko yote. Zafarani akausimamisha ufagio.

"Fundi, tusi hilo nalijua tangu Unguja, lakini mwisho wake unaukosea."

Balbir alikaa juu ya kigoda, akacheka mpaka kilemba kikataka kumlegea. "Kumbe wewe mtu ya nyumbani! Miezi tatu unanyamaza tu?"

"Uliniajiri nifagie. Hukuniajiri nijibu."

Kesho yake Balbir alimpa patasi, akasema afagie mwenye nafasi. Ndivyo Bi Zafarani alivyoingia katika ufundi alioufanya miaka thelathini na mitano.

Mimi naitwa Wambui. Nilikuwa jirani yake, nyumba ya pili kutoka kwake, na haya mengi nimeyapata kwake mwenyewe, jikoni, nikirudi kutoka kazi yangu ya kutunza wazee. Nimeamua kuyaandika kwa sababu yaliyoandikwa na wengine juu yake yananichefua.

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, mwaka 1949. Mapinduzi yalimkuta ana miaka kumi na tano. Mumewe, baharia wa meli za mizigo, alimwita London mwaka 1972, na kabla mwaka haujaisha akafa kwa maradhi ya mapafu, akamwacha katika chumba kimoja chenye jiko la gesi la kutumbukizia sarafu. Hawakujaaliwa mtoto. Alifagia ofisi, akafagia hospitali, kisha akaifikia karakana ya Balbir.

Kazi yake ilikuwa vibonyezo vya piano, ambavyo yeye na Balbir waliviita meno. Piano nyingi walizoletewa zilitengenezwa London katika miaka ya 1880 na 1890, na meno yake meupe yalikuwa mti uliofunikwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Balbir alimfundisha kuitambua pembe kwa kidole. Pembe ni baridi, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mistari myembamba kama ya ukucha. Selulodi, ile plastiki ya kwanza iliyobuniwa pembe zilipoanza kuadimika, ukiisugua inanuka kafuri. Alijifunza kuchanganya gundi na chokaa ili weusi wa mti usipenye, na kuyaanika dirishani meno yaliyogeuka manjano mpaka jua, likipatikana, liyarudishie weupe.

Kwa piano hizo aliijua London ya zamani kuliko wenyeji wengi. Aliniambia kwamba kabla ya mashine za mvuke piano ilikuwa kitu cha matajiri. Viwanda vilipoanza kukata mbao na kufyatua vyuma kwa wingi, piano ikaingia hata katika sebule ya mpiga matofali, kwa kulipa kidogo kidogo kila wiki. Nyimbo zilizoimbwa Ijumaa katika kumbi za burudani zilichapwa kwenye karatasi, na Jumapili binti wa muuza samaki alikuwa akizipiga nyumbani, taa ya gesi ikiwaka, majirani wakiitikia. Bi Zafarani alikuwa akiyasimulia haya kwa mapenzi. Kuna piano alizozifungua akakuta ndani pini za nywele, tiketi za treni ya kwenda ufukweni, picha ndogo ya mwanajeshi. "Watu walikuwa wanafurahi, mwanangu," aliniambia. "Siwaonei kijicho furaha yao."

Balbir alifunga karakana mwaka 2009, miguu ilipomshinda, akahamia Southall kwa mwanawe. Alimwachia Zafarani patasi zote na sanduku la makaratasi ya Mwingereza aliyekuwa na karakana hiyo kabla yao.

Mwishoni mwa mwaka 2017 alikuja mlangoni kwa Bi Zafarani mwanamke wa miaka kama arobaini aitwaye Bharti, mtunza vitu katika Jumba la Ashcombe, makumbusho madogo upande wa Barking. Mama yake alikulia Kisumu. Bharti alizaliwa hapa hapa, na kama wengi wa rika lake, Kiswahili alikisikia vizuri lakini alijibu kwa Kiingereza. Walikuwa wanaandaa maonyesho yaitwayo Miaka ya Maajabu, juu ya jinsi sayansi, uvumbuzi na burudani za karne ya kumi na tisa zilivyobadilisha maisha ya watu wa kawaida. Katikati ya ukumbi wangeweka piano ya mwaka 1887 iliyokuwa katika ukumbi mmoja wa burudani. Meno kumi na moja yalikuwa yamebanduka. Fundi gani London bado anayajua?

Bi Zafarani alikubali siku ile ile. Miezi miwili nyumba yake ilinuka gundi. Meno meupe hamsini yalipangwa juu ya meza ya kulia, na mimi chai yangu nikawa nainywa nimesimama. Yale yaliyokosekana aliyajazia pembe kuukuu kutoka piano zilizokufa, akitafuta rangi inayofanana, akirudia mara tatu, mara nne. Sijamwona mtu akiwa na raha vile.

Kisha Bharti akamletea maandishi yatakayowekwa ukutani kando ya piano, ayaangalie kama kuna kosa la kifundi. Nilikuwapo. Yalisema kwamba piano ilileta furaha katika nyumba za wafanyakazi. Kwamba meno yake yalifunikwa kwa pembe. Kwamba maelfu ya ndovu waliuawa kila mwaka kwa ajili hiyo. Kwamba jumba linasikitika sana, na mgeni anaombwa kuweka mchango wake katika kisanduku cha kuwalinda ndovu. Wakati huo Serikali ilikuwa inazungumzia kupiga marufuku biashara ya pembe, na kila mtu alitaka kuonekana amelia.

Bi Zafarani alisoma mara ya kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hizi pembe zilifikaje pwani?"

Bharti hakuelewa swali.

"Nakuuliza, mwanangu. Ndovu kafa Manyema, karibu na maziwa makuu. Piano imetengenezwa London. Pembe zilikwenda zenyewe? Zilipanda treni? Wakati huo reli iko wapi?"

Bharti akasema kwa sauti ya chini kwamba zilibebwa.

"Na nani?"

Ndipo Bi Zafarani akamweleza jambo ambalo hata mimi, kwa miaka yote ile, sikuwa nimelisikia. Baba wa bibi yake aliitwa Kalonda. Alitekwa Manyema angali kijana, akatwishwa pembe moja, akaibeba kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa miezi minne. Kati ya aliokuwa nao, wengine walikuwa Wanyamwezi huru waliolipwa shuka na shanga, wengine watumwa kama yeye, na aliyeanguka njiani aliachwa, mzigo wake ukachukuliwa. Alipofika Unguja pembe iliuzwa, na yeye akauzwa. Bwana aliyemnunua akambadilisha jina, akamwita Marjani.

"Bibi yangu alilishika bega lake kwa mkono wake huu," alisema, akionyesha mkono wake mwenyewe. "Nyama ilikuwa imekufa, imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Miaka arobaini baadaye! Na nyinyi mnaandika ukuta mzima, mnamlilia ndovu. Mlilieni, ni haki yake. Lakini mtu je? Mtu hata mstari mmoja hastahili?"

Bharti akasema kanuni ya jumba ni maneno sitini kwa kila kibao, na sitini yamekwisha.

"Basi toa 'furaha'. Imo mara tatu."

Siku hiyo hiyo aliandika sentensi moja, akairudia mpaka ikawa fupi. Ilisema kwamba pembe hizi zilibebwa mabegani na watu, huru na watumwa, mamia ya maili hadi pwani ya Zanzibar, na mmoja wao aliitwa Kalonda. Bharti aliichukua, akaahidi kuipeleka kwa mkurugenzi.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi mwenyewe akamwita Bi Zafarani. Nilimsindikiza kwa treni ya Overground na mabasi mawili, kwa kuwa goti lilikuwa linamsumbua. Mkurugenzi alikuwa bwana mpole, mwenye tabasamu ambalo halikumtoka hata alipokuwa anakataa. Kwanza alisema hakuna ushahidi kwamba pembe za piano hii hasa zilitoka upande wa Zanzibar. Bi Zafarani akamwambia ameishika pembe miaka thelathini na mitano, na pembe ya mashariki ni laini, haipasuki kama ya magharibi, ndiyo maana watengenezaji waliigombania. Mkurugenzi akatabasamu, akasema kidole si hati.

Bi Zafarani akafungua mkoba. Katika lile sanduku la makaratasi alikuwa amekuta tangazo la mwaka 1889, la watengenezaji wale wale waliounda piano ile. Karatasi ilikuwa imekauka, ameiweka ndani ya plastiki. Katikati, kwa herufi kubwa zenye mapambo, ilijigamba kwamba meno ya piano zao zote ni ya pembe bora kabisa ya Zanzibar.

"Walipokuwa wanauza," alimwambia, "Zanzibar ilikuwa sifa, wakaipigia tarumbeta. Leo ni wakati wa kueleza, Zanzibar imekuwa haina ushahidi."

Mkurugenzi aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akahamia hoja nyingine. Waliokamata watu na kuwasafirisha, alisema, walikuwa Waarabu na Waswahili, si wapiga matofali wa London.

"Waandike nao!" Bi Zafarani alipandisha sauti mpaka mtu wa chumba cha pili akachungulia. "Mie nimekataza? Andika Mwarabu, andika Mswahili, mtu wa kwetu kabisa, andika na Mhindi aliyewakopesha mtaji, andika na aliyefungua duka hapa akauza. Mie naomba waandikwe wote, wewe unanambia kwa kuwa wamo wengi basi asiandikwe hata mmoja?"

Bharti, aliyekaa pembeni, aliinamisha uso. Mkurugenzi akasema, bado anatabasamu, kwamba maonyesho haya ni ya familia. Watu wanakuja na watoto kustaajabia uvumbuzi, na jambo zito namna hiyo lingewaharibia siku. Akaongeza kwamba habari za Kalonda ni za kusisimua, lakini simulizi la familia si historia.

Tulipotoka tulipita katikati ya ukumbi, ambao mafundi walikuwa bado wanaupanga. Bi Zafarani alisimama kwenye kila kibao na kukisoma kwa sauti, kama hakimu anayesoma mashtaka. Simu ya maandishi iliyopita chini ya bahari, waya wake umevikwa utomvu wa miti ya Malaya: nani aliugema? Sabuni ya mafuta ya mawese iliyowasafisha watoto wa London: nani alipanda mchikichi? Mipira ya biliadi, ya pembe ile ile. "Kila kitu humu kimejitengeneza chenyewe," aliniambia. "Haya ndiyo maajabu yenyewe."

Nilimshauri asiyarudishe meno. Walikuwa hawana fundi mwingine, wangelazimika kukubali. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe.

"Piano ina kosa gani? Na kazi mbovu itasemwa ni yangu."

Akayarudisha yote hamsini, akayapanga, akayasawazisha kwa rula, na siku ya ufunguzi, Machi 2018, kijana wa chuo cha muziki aliyepiga ile piano alisema hajawahi kugusa meno laini vile. Mkurugenzi alishukuru wafadhili, akashukuru halmashauri ya mtaa, akamshukuru "fundi wetu". Jina hakulitaja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikasikia masikio yakiwaka moto.

Jumamosi iliyofuata Bi Zafarani alivaa koti lake jeusi na mtandio wa kichwani, akaenda Ashcombe kama mgeni yeyote, kwa kuwa kuingia ni bure. Akasimama kando ya piano. Kila aliyefika kusoma kibao, alimngoja amalize, kisha akamwambia kwa Kiingereza chake cha Edmonton: "Sasa mie nikueleze kilichosahauliwa." Akamwonyesha lile tangazo. Akamtajia Kalonda. Hakupiga kelele, wala hakumzuia aliyetaka kwenda zake. Wengine walikwenda. Wengi walibaki.

Jumamosi ya tatu mlinzi alitumwa kumtoa. Aliitwa Leonard, mtu wa Kitale, mrefu, redio ya mawasiliano imening'inia mkandani.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa nikutoe."

"Marahaba. Kwa kosa gani?"

"Hawajasema. Wanasema unawasumbua wageni."

"Yupo aliyelalamika?"

Leonard akageuka kuwauliza watu saba au wanane waliokuwa wamesimama pale. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasema kwamba hawajamaliza kusikiliza. Leonard akainua redio na kusema mgeni hana vurugu yoyote. Kisha akamletea kiti.

Alikwenda kila Jumamosi kwa miezi sita. Mvua, joto la Julai lile lililokausha nyasi za London nzima, goti limevimba, alikwenda. Mimi nilimfuata kila nilipokosa zamu. Mwezi wa Mei alikuja Balbir kutoka Southall, ana miaka themanini na sita, fimbo mbili, mwanawe amemleta kwa gari. Aliketi kwenye kiti cha Leonard. Bwana mmoja akapita akinung'unika kwamba watu wamekuja kufurahia muziki, si kusemwa.

"Muziki si iko?" Balbir akamjibu kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Bi Zafarani kwa Kiswahili. "Mwambie huyu, hiyo piano inalia vizuri kwa sababu wewe na mimi. Halafu mwambie nani alileta pembe. Kama hataki kusikia, aende apige filimbi."

Na lile tusi la karakana akalimalizia, safari hii bila kulikosea.

Bharti naye hakulala. Aliiandikia bodi ya jumba barua, akaambatanisha nakala ya tangazo na majina ya vitabu vya wanahistoria waliokwisha kuyaandika mambo haya yote kitambo. Mkurugenzi alimpa onyo. Aliandika tena. Wiki tatu kabla ya maonyesho kufungwa, bodi ilikubali kibao kidogo cha nyongeza, chini ya kile kikubwa, usawa wa goti. Tulikwenda kukiona. Maneno ishirini na tisa. Zanzibar imo, wapagazi wamo, watumwa wamo. Kalonda hayumo.

Bi Zafarani alilazimika kuinama kukisoma, kwa goti lile. Mgeni mmoja akampongeza, akamwambia ameshinda.

"Nimeshinda nini?" akamjibu. "Piano ina jina la aliyeitengeneza kwa dhahabu hapo juu. Ukumbi una jina la tajiri. Mtu wangu mmoja nimemleta kwa jina lake alilopewa na mama yake, wamemrudisha mlangoni."

Maonyesho yalifungwa Septemba, piano ikapelekwa ghalani. Bharti aliacha kazi mwaka uliofuata na sasa anafundisha shule. Kila Idi alikuwa akimletea Bi Zafarani chevda ya mama yake, ule mchanganyiko wa njugu na dengu za kukaangwa, na wakakaa wanabishana, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza. Balbir alifariki 2019. Bi Zafarani alifuata Februari 2021, kifua, wiki mbili tu. Tulizika watu wachache kwa masharti ya wakati ule, Leonard akiwa mmoja wa waliolibeba jeneza.

Mwezi mmoja baadaye nikaona katika tovuti ya Jumba la Ashcombe picha ya Bi Zafarani, amesimama kando ya piano, mkono umeinuka, midomo wazi. Chini wameandika kwamba wanaomboleza "rafiki mkubwa wa jumba na mmoja wa watu wetu wa kujitolea, aliyewakaribisha wageni kila Jumamosi kwa tabasamu."

Kwa tabasamu! Walituma mlinzi amtoe. Hawakumpa kikombe cha maji. Picha yenyewe inaonyesha mwanamke aliyekasirika, na mwenye macho aone.

Niliwaandikia kwamba Bi Zafarani hakuwa mtu wao wa kujitolea. Alikuwa fundi aliyewatengenezea piano, na alikuja kila Jumamosi kuwapinga. Niliomba waliondoe lile tabasamu na waandike alilokuwa akilisema. Walinijibu: asante kwa maoni yako. Nikaandika mara ya pili na ya tatu, jibu lile lile, limesainiwa na watu tofauti. Barua ya nne nimeituma Jumatatu, kwa Kiswahili. Watafute wa kuwasomea.